Dasta Chini ya Gurudumu

Wiki nzima Jerop alikuwa akijigamba kuhusu roboti yao, mpaka walipoiweka kwenye zulia la ukumbi wa kanisa hapo Kapsoya. Kwenye maabara ya shule ilikuwa ikinyooka kama rula. Hapa ilikwenda kidogo, ikapinda kulia, ikagonga kiti cha kwaya.

Ukumbi uliazimwa na mwalimu wao, Madam Virginia. Mashindano ya Nairobi yangefanyika juu ya zulia, naye alitaka ijaribiwe juu ya zulia, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Dereva ni mmoja tu, na Jerop ndiye aliyechaguliwa, kwa kuwa ndiye aliyeinyoosha. Roboti aliiunda mwenzake Mbuthia, lakini maabarani ilipinda kushoto hadi Jerop alipoandika amri ya kuiongezea nguvu mota ya kushoto.

"Ni magurudumu," Jerop alisema.

Mbuthia akayafungua, akayafunga upya. Kulia. Akabadilisha betri. Kulia. Wakaijaribu kwenye vigae karibu na mimbari, kulia vilevile. Jerop alizisoma amri zake tena na tena asione kosa, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Kwaya nayo ilishajikusanya mlangoni, inakohoa makusudi.

"Hebu iache kwanza, kichwa imejaa," Jerop alisema.

Mbuthia akasukuma dasta ya ubao chini ya gurudumu, kama walivyozoea maabarani.

"Hiyo ni ya nini?" Jerop aliuliza.

"Ndio isiteremke."

"Iteremke iende wapi?"

Mbuthia akachuchumaa. Akaitoa dasta. Roboti ikatulia palepale.

Walitazamana kama wajinga wawili. Sakafu ya maabara ilijengwa ikiinamia mlango, ili wanafunzi wakiiosha Ijumaa maji yatoke yenyewe, na mlango wenyewe uko upande wa kushoto. Roboti haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa ikiteremka tu, na Jerop akaifundisha kupanda.

Amri yake ilikuwa mstari mmoja kwenye kompyuta. Kuufuta ni kujifuta udereva, na alijua. Aliuma mdomo, akaufuta.

Roboti ikanyooka hadi mimbarini. Kwaya ikapiga makofi.

"Umeweka nini, Jerop?" Madam Virginia aliuliza.

"Sijaweka kitu, Madam. Nimetoa yangu. Hii kitu imekuwa straight tangu Mbuthia aifunge."

Akampa Mbuthia rimoti haraka, asije akabadili nia. Mbuthia aliipokea kwa mikono iliyojaa grisi, akainama na dasta kwa mazoea, kisha akakumbuka.