Mistari Minne Nyuma ya Kaye

Mjukuu wangu aliandika kitabu kizima kwa mkono, katika kaye tatu, daftari za shule, ambazo nilizishona pamoja kwa uzi wa magunia. Jalada lilikuwa karatasi ya buluu ya sukari. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: Umande na Radi.

Nitaeleza kidogo kilivyokuwa, kwa sababu kaye zile hazipo tena. Kuna nchi mbili. Moja iko juu, na mwanga wake hauzimiki hata saa moja, kwa hiyo watu wake hawalali. Wanasema kwa sauti kubwa na wamechoka siku zote. Nyingine iko chini ya maporomoko ya Tshopo, ndani ya maji, na huko ni jioni tangu asubuhi. Umande ni msichana wa chini. Radi ni kijana wa juu, fundi wa nyaya za umeme. Walionana siku Radi alipoteremka kutengeneza mashine za barrage, ukuta wa maji ya umeme, wakapendana kupitia maji, bila kusikilizana, kwa ishara za mikono tu. Kati ya nchi hizo kuna mlango mmoja, na mlangoni amekaa mlinzi mwenye kikapu. Anayetaka kupita anaacha jina lake kikapuni, anapewa lingine, anapita. Ukurasa wa mwisho Umande amefika mlangoni, na mlinzi amenyoosha mkono.

Mjukuu wangu alisimama hapo. Hakujua amalize namna gani. Akaacha kurasa nane tupu, akaandika juu: Maoni ya wasomaji. Alisema watu wakishasoma na kusema wanavyofikiri, naye atajua.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Élise. Mwaka serikali ilipokataza majina ya ubatizo na kutaka ya kienyeji, alichukua jina la mama yangu, Sikujua. Kwetu Maniema ni jina la kawaida. Lakini kwenye biro ya komini karani alimwuliza, "Jina yako mupya?" naye akajibu, "Sikujua." Karani akamwambia, "Basi rudi nyumbani uulize." Mstari mzima ukacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeitwa Florentine miaka hamsini na miwili. Karani aliliwekea jina hilo rula, akalikata kwa kalamu nyekundu, polepole, kama mtu anayependa kazi safi. Mimi sikucheka.

Nilimlea Sikujua tangu mama yake alipokufa. Masista walinifundisha miaka mitatu tu, lakini herufi nilizijua, na kabla hajaingia shule nilimfundisha kuandika kwa mkaa kwenye simenti ya baraza. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Masista walinilazimisha wa kulia, na tangu hapo herufi zangu zinalala nyuma, kama mtu anayeegemea ukuta. Mtoto akaziiga hivyo hivyo. Walimu walijaribu kuzisimamisha, wakachoka. Sasa alikuwa amemaliza shule ya ualimu, na alikuwa anangoja karatasi ya kumpeleka kufundisha Yangambi. Jina lake lilikuwa limeshawekwa kwenye liste ya walimu. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaongea juu ya karatasi hiyo tu. Nilikuwa nimeshamnunulia sanduku la mabati.

Basi kaye zikaanza kuzunguka katika avenue yetu, huku komini ya Tshopo. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Viviane (mtaani bado tuliitana majina ya zamani), dactylo, mpiga taipu, katika biro moja ya Makiso, mjini. Aliandika ukurasa na nusu. Alilalamika kwamba amesoma kurasa mia na hakuna hata busu moja, mikono tu, mikono tu, kwani ni mabubu hawa? Tena Radi awekwe masharubu.

Papa Assumani, muuza samaki wa chumvi sokoni, alisomewa kitabu chote na Viviane, kisha akamwambia aandike maoni yake neno kwa neno. Ndoa hii haiwezi kufungwa. Wajomba wa msichana hawajaonyeshwa hata mara moja. Nani amepokea mahari, samaki?

Tonton Henri, aliyekuwa karani wa meli za mto kabla hajazeeka, alitia alama saba juu ya kumi. Akaeleza kwamba umeme ukiingia majini unaua kila kitu, donc, basi, hadithi hii imekwisha kwenye ukurasa wa nne, na mengine yote ni maiti zinazozungumza.

Sikujua alicheka maoni haya mpaka akashika mbavu. Na kwa kweli kila aliyepokea kaye alianza nyuma, kwenye maoni, ndipo akarudi kusoma hadithi yenyewe. Watu waligombana uani kwangu kwa ajili ya Umande kama kwa ajili ya binti wa jirani. Jirani mmoja, Georgette, alisema apite, mapenzi si mchezo. Mwingine alisema asipite, mwanaume wa juu atamchoka.

Siku moja Sikujua aliniambia mimi bibi yake, "Koko, na wewe andika ya kwako."

Nilikataa. Nikasema mimi nakaanga mikate, sijui vitabu. Lakini asubuhi moja, mafuta yalipokuwa yanapata moto, nilichukua kalamu yake nikaandika. Ilikuwa mistari minne:

Umande asiache jina yake kwa mulinzi.
Jina ni mama yake alimupa.
Mulinzi huyu ni mwizi.
Arudi kwao.

Wengine walitia majina yao chini. Mimi sikutia. Nilikuwa nimeshakuwa na majina mawili, na sikujua niandike lipi.

Wiki iliyofuata Viviane alizichukua tena kaye, azisome kazini saa ya kupumzika. Mkubwa wake alizikuta kando ya mashine yake ya kuandika. Hadithi hakuisoma. Alianza nyuma, kama sisi sote.

Watu wawili wa usalama, aliowapelekea kaye, walikuja siku ya kazi, nikiwa sokoni na beseni langu la mikate. Nilivyorudi, nilimkuta Sikujua amekaa kwenye sanduku lake la mabati. Alikuwa ameshapelekwa bironi kwao na kurudishwa. Nilimwuliza kama wamempiga. Akasema hapana, walikuwa na adabu, walimwita citoyenne, mwananchi, walimpa kiti.

"Walionyesha ile mistari ine," alisema. "Wakauliza mulinzi ni nani."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema mulinzi ni mulinzi wa mulango. Wakasema, sawa, na nani anaiba majina ya watu katika inchi hii?"

Alikuwa anavuta uzi kwenye kikwembe chake, anauvuta tu.

"Ukawaambia nani aliandika?"

"Koko, waliweka hadithi hapa na mistari hapa. Wakasema mukono ni mumoja. Ningesema nini?"

"Ungesema ni mimi."

"Na kama wangekubali?"

Nilikaa naye juu ya sanduku. Baadaye alisimama akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Kesho yake asubuhi nilivaa kikwembe cha kanisani nikaenda mwenyewe katika biro ile ya usalama. Nilisema nina neno la kumwambia mkubwa. Waliniambia nikae kwenye benchi. Nilikaa. Mimi najua kungoja, nimengoja meli Ubundu juma zima, nimengoja daktari, nimengoja mume aliyekuwa ameshakufa na hakuna aliyeniambia. Saa nane walifunga. Siku ya pili nilikaa tena, na nilikaa vizuri, sikusumbua mtu, sikugonga mlango. Mwanamke aliyekuwa anafagia alinipa maji ya kunywa. Siku ya tatu, karibu na saa sita, wakaniita.

Mkubwa alikuwa kijana. Sikutegemea hilo. Alisimama nilipoingia, akanivutia kiti. Kaye za mjukuu wangu zilikuwa mezani, na uzi wangu wa magunia ulikuwa umekatwa. Nilimwambia yale niliyokuja kusema. Mistari ile minne ni yangu, mtoto hana kosa, alijitwisha tu kwa ajili yangu. Nilimwambia kwamba mlinzi ni mlinzi wa hadithi, mimi ni mzee, nilikuwa nafikiri Umande tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, wewe unajua kuandika?"

Nikasema najua. Akanipa karatasi na kalamu. Akaisoma mistari polepole, nami nikaandika. Herufi zikalala nyuma kama kawaida yao. Nilipomaliza, aliiweka karatasi kando ya kaye, akaangalia huku na huku kwa muda mrefu. Nilifurahi. Nilijua ameona.

"Iko mukono wake kabisa," alisema. "Alikufundisha muzuri."

"Mimi ndiye nilimufundisha yeye. Kwa mukaa."

"Ndiyo, mama." Alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayemvika mgonjwa shati. "Hata koko yangu angefanya vile."

Nilimwambia aite mtu yeyote wa avenue yetu, aulize. Akaikunja karatasi yangu mara mbili, akaitia mfukoni mwake, wala hakuiweka katika faili. Kisha akasema hata angeniamini, rapport, taarifa yake, ilishapanda kwa wakubwa.

"Ilipanda lini?"

"Jana."

Jana nilikuwa kwenye benchi, nje ya mlango wake. Nilikuwa nimeweka mikono juu ya magoti, nangoja kama mtu mwenye heshima.

Liste mpya ya walimu ilibandikwa mwezi uliofuata. Sikujua alikwenda kuiangalia peke yake, hakutaka nimsindikize. Kwenye mstari wa Yangambi palikuwa na jina la mtu mwingine. La kwake halikuwa mahali popote, si Yangambi, si Isangi, si mjini. Alirudi akaniambia hivyo, akavua viatu vya shule, akavifuta vumbi, akaviweka ndani ya sanduku.

Watu hawakutukimbia, nisiwasingizie. Lakini hawakukaa tena uani kwetu. Viviane alilia mbele yangu mara moja, akaomba msamaha, na tangu hapo alipita njia ya nyuma. Tonton Henri alipokutana nami alisema habari za mvua. Papa Assumani peke yake alileta samaki wawili, akawaweka juu ya meza, akaondoka. Kurasa zile nane zamani kila mtu alizizungumzia, na sasa hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba aliwahi kuwa na maoni.

Sikujua anakaanga mikate nami. Ana mkono mzuri, mikate yake inavimba kuliko yangu. Mikate tunaifungia katika karatasi zozote tunazopata, na nimeona kwamba hata karatasi ikiwa tupu haandiki kitu juu yake. Kalamu yake nimeificha juu ya kabati ili siku akiiuliza niwe nayo. Hajaiuliza.

Watu wakiniuliza, nasema nilivyosema mbele ya yule kijana, kwamba nilikuwa nafikiri Umande tu. Si kweli. Asubuhi ile mafuta yalipokuwa yanapata moto nilimwona karani wa komini, na rula yake, na kalamu nyekundu. Nilijua ninaandika nini. Nilidhani tu kwamba maneno ya mwanamke wa mikate hayasomwi na mtu. Neno hilo sijamwambia Sikujua. Nafikiri analijua, kwa sababu hakuniuliza kamwe kwa nini niliandika "mwizi."

Juzi tulikuwa tunaosha sahani. Nilikuwa nimengoja karibu mwaka kumwuliza, na nikaona kungoja kumeshaniumiza kutosha. Nikamwuliza Umande alifanya nini mlangoni.

Alisuuza sahani moja, akaipanga, akachukua nyingine.

"Aliacha jina, Koko. Akapita."

"Na Radi?"

"Radi alikuwa upande wa pili. Alikuwa anamwita kwa jina yake ya zamani." Akasugua masizi ya sufuria kwa mchanga. "Umande alipita karibu naye, hakugeuka. Hakujua ni yeye anaitwa."

Nilimngoja aendelee. Akamwaga maji machafu kwenye mfereji, akaenda kuchota mengine.