Nywele za Kitana

Mama alinifundisha kuchoma nywele zinazobaki kwenye kitana, zisije zikaangukia mikononi mwa watu. Hata tulipohamia Birmingham nilikuwa nikizichoma kwenye sinki, nyumba nzima inuke. Mume wangu Cleopas alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana sijamsamehe.

Cleopas alikuwa na wazimu wa kuvua kwenye ziwa la bustani. Minyoo hakuitaka, aliivisha ndoano manyoya na nyuzi hadi ifanane na nzi, kisha akairusha juu ya maji. Samaki akinasa, alimfungua na kumrudisha, kwani ndiyo sheria ya pale. Nilimcheka sana: mtu mzima anashinda kwenye baridi, halafu jioni tunakula mayai.

Siku moja aliishiwa na nyuzi nyeusi, akachukua nywele zangu kwenye kitana, akaivisha ndoano. Sangara mkubwa mwenye milia akaimeza ndoano ile, akakata mshipi, akaenda nayo.

Tangu hapo nikawa nasikia maji masikioni. Kazini, nikiwaogesha wazee, nilikohoa tope. Kila nilipoamka mto wa kulalia ulikuwa umelowa. Daktari aliniambia mapafu yangu ni safi. Nilijua ninazama, kidogo kidogo, na niliogopa kufa.

"Ni stress ya mashift, Mama Tevin," Cleopas alisema. Kisha asubuhi moja akanikuta natapika magugu ya majini. Hakubisha tena.

Tulifika ziwani jua likichomoza.

"Ukimshika usimwachilie," nilimwambia. "Toa hizo nywele nizichome. Kiberiti ninacho."

"Nimeskia. Siwezi sahau."

Alirusha mara moja tu. Sangara akaja kama aliyekuwa akitungoja. Cleopas akamvuta hadi ukingoni, akapiga magoti. Niliziona nywele zangu zikining'inia mdomoni mwa samaki, ndefu kuliko zilizokuwa kichwani pangu. Zilikuwa zimeendelea kuota.

Nikainama kuukinga moto na upepo. Cleopas akalowesha mikono kwanza, kama alivyozoea, akachomoa ndoano mpya tu, akamshikilia samaki majini taratibu mpaka akapata nguvu. Mikono ile ilikuwa imefanya hivyo miaka mingi. Ikafunguka.

Alinigeukia akiwa mikono mitupu.

"Mama Tevin," alisema, "sikukusudia."

Nilitaka kumjibu. Maji yalikuwa yamenifika mdomoni, nami nimesimama nchi kavu, njiti ya kiberiti ikiwaka bado.