Mama Mkwe Haonekani kwenye Orodha

Haya ni kweli tupu, haki ya nani vile. Nikiwa nimetia chumvi hata punje moja, nioshe vyombo mwaka mzima.

Rafiki yangu mmoja, karani wa masijala aliyestaafu, alijifundisha kompyuta peke yake. Kubofya vipicha aliona ni mambo ya watoto. Yeye alitaka lile dirisha jeusi ambamo mtu anaandika amri na mashine inatii bila swali, jambo ambalo nyumbani kwake lilikuwa halijawahi kutokea. Aliyoipenda zaidi ni ls, amri ya kuorodhesha mafaili. Akaipamba kwa programu-jalizi, vile vijiprogramu vya kuongeza manjonjo: picha zikawa kijani, barua buluu, mafaili mapya yakakaa mbele. Ikapambika kuliko bibi harusi.

Pambo moja hakumwambia mtu. Aliiamuru ls iruke faili lolote lenye jina "mama-mkwe".

Kwa nini? Kwa miaka tisa alikuwa akiwatambia mashemeji kwamba marehemu mama yao, siku alipomrekodi sebuleni, wawili tu, alitamka: "Mkwe huyu hajawahi kunidanganya." Rekodi alikuwa nayo yeye, na aliyeisikiliza ni yeye peke yake.

Sasa Jumapili mashemeji wanakuja kumkumbuka mama yao, na mkewe, mkunga mstaafu, anaitaka sauti hiyo.

"Itafute basi, Baba."

Akaandika ls. Rangi zikamwagika. "Umeona? Haipo. Diski ikizeeka, Mama, inaanza kula mafaili ya zamani. Kama sisi na meno."

"Sisi meno yanatutoka. Hatuyali."

"Naapa! Ikipatikana, naosha vyombo mwaka mzima."

Mkunga akainuka. Akaleta daftari lake la siku zile mzee alipokuwa akimfundisha kwa mbwembwe, kabla ya manjonjo yote. Akavaa miwani, akasoma:

"'Ukitaka amri itoke kama ilivyozaliwa, tanguliza kile kimstari kilichoinamia kushoto.' Maneno yako haya. Na vilivyotoka tu kuzaliwa, mume wangu, ndiyo kazi yangu."

Akabonyeza kidole kimoja kimoja: \ls. Orodha ikatoka kavu, haina rangi wala pambo. Katikati yake, mama-mkwe.

Akalifungua faili. Chumba kikajaa kicheko cha bibi kizee. "Huyu mkwe wangu muongo, jamani! Muongo wa kutupwa. Lakini sijakaa naye siku nikakosa kucheka. Mwanangu, usimwache."

Mzee akangoja kusutwa. Mkewe hakumtazama hata. Alirudisha mwanzo, akasikiliza tena, kiganja mdomoni, machozi yakimtiririka. Mara ya nne ndipo mzee alipoelewa ni nini hasa alichomficha mkewe miaka tisa, akakosa uongo wa kusema.

Nilitaka kueleza jinsi rafiki yangu alivyoomba radhi, ila kuna mtu amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Rafiki?" anauliza. "Rafiki yupi huyo?"

Sinki limejaa mpaka juu. Niwieni radhi, nakunja mikono ya shati.