Mgomba wa Habonimana

Ua nilikuwa nimeshaufagia, nikaufagia tena. Kukaa siwezi. Ndani wazee walikuwa wakijadili mume wangu azikwe wapi, na mimi, mkewe, nimeambiwa nisubiri nje kama mbuzi wa mahari.

Habonimana alikuwa askari wetu. Alikamatwa vitani huko milimani, akafia kifungoni. Maiti hatukupata. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikiwa mgomba: hukatwa kwa urefu wake, huvishwa sanda, huliliwa. Bila hivyo matanga hayaishi, na mimi nilitaka kulia nikamaliza.

Tatizo lilikuwa ardhi. Baba mdogo Herménégilde, mkubwa wetu tangu baba afariki, alikuwa ameshikilia neno moja, kwamba mkwe hazikwi ukweni, na sauti yake ilinifikia dirishani.

"Mukwe hazikwe kwa bukwe. Ule iko muntu ya Burundi, bamupeleke kwabo."

Kwao wapi? Alivuka mto Ruzizi kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa Kavimvira, na mama huyo tulimzika hapa hapa. Ng'ambo hana hata shangazi wa kumlilia. Nikatupa ufagio, nikaingia.

Gracien, aliyefungwa pamoja na mume wangu na kuachiwa juzi, alikuwa kwenye kona, miguu imemvimba, hajaulizwa kitu. Nikamgeukia.

"Sema, Gracien. Weye ulikuwa naye."

Akakohoa. "Barundi balitolewa mu mustari. Bakaambiwa, hii vita haiko yenu, murudi kwenu. Bengine bakaenda. Yeye akabakia amekaa. Bakamuuliza kwenu ni wapi. Akasema, 'Kwetu ni Kavimvira, kwa baba Herménégilde.' Balimupiga sana. Hakubadilisha."

Nilimchukia baba mdogo na kumhurumia, vyote kwa pamoja. Alivaa kofia, akaivua. Kisha akachukua panga nyuma ya mlango, akatoka kuelekea migomba yake mwenyewe, ile aliyokuwa akitukataza hata majani.

Nikamfuata. Alisimama mbele ya mgomba mnene, mgongo amenipa.

"Nicole, mwanangu. Alikuwa murefu namna gani?"

Nikasogea, nikasimama nikiliegemea shina. Paji langu lilikuwa likifika kwenye midomo ya mume wangu. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu, nikaugusa mgomba.

"Hapa," nikasema, na mkono ukakataa kushuka.