Jina la Shamsudin kwenye Kioo

Steshenari ya Mwaija pale Dunda, Bagamoyo, haikuwahi kupungukiwa watu, hata siku ambazo hakuna mwenye kazi ya kuchapa. Aliyekuja kutoa kopi alikaa, aliyekaa akaletewa chai, na aliyekunywa chai akasema ya watu. Ndiyo maana kimya cha mwezi huu kilimuuma. Fomu za wateja wake, zenye namba za vitambulisho na majina ya watoto, zilikuwa zikitoka mle kwenye kompyuta na kufika kwa matapeli, na matapeli wakiwapigia wenyewe simu. Mji ukasema Mwaija anauza siri za watu. Akabaki na shoga yake Kuruthumu tu, na huyo angekuja hata nyumba ingekuwa inaungua, asije akahadithiwa.

Jumamosi asubuhi akaingia Hafidha, binti wa kaka yake, anayekaa Kerege na kulinda kompyuta za ofisi moja huko Dar dhidi ya wezi wa mtandaoni.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo Bi Kuruthumu."

"Marahaba mwanangu," aliitikia Mwaija. "Mbona umekonda hivi? Huko mnakula nyaya?"

Hafidha akacheka, akachomoa intaneti, akakaa. Haukupita muda akaikuta programu iliyompa mtu wa mbali nafasi ya kuingia na kuchukua anachotaka. Akaifuta. Kuruthumu akapiga kigelegele.

"Bado, Bi Kuruthumu." Akaizima kompyuta, akaiwasha. Programu ilikuwa palepale, kana kwamba haijaguswa.

"Ala! Jini hilo!" alimaka Kuruthumu.

"Ni mwizi tu, ila ana akili. Akishaingia anaacha kitu cha kumrudisha siku akifukuzwa. Kuifuta programu si kazi. Kazi ni kukipata hicho kinachoirudisha."

Mwaija alikuwa anamimina chai. Akaiweka birika chini kabla kikombe hakijajaa. Lipo jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata Kuruthumu.

Kila asubuhi alipowasha kompyuta, kabla ya lolote, kioo kilimwonyesha majina mawili: Mwaija, na chini yake, Shamsudin. Shamsudin ni mumewe, aliyefariki mwishoni mwa mwaka jana. Siku Mwaija alipotoka eda na kufungua duka, akalikuta jina lile, akalitazama mpaka chai ikapoa. Akajiambia marehemu alijiwekea mwenyewe, akasahau kusema. Tangu hapo alilisalimia kwanza, "Assalamu alaikum, mume wangu," ndipo abonyeze la kwake.

Hafidha akafungua orodha ya kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe kila inapowaka. Akaisoma mstari mmoja mmoja, midomo ikitikisika kama mtu anayevuta uradi. Kidole kikasimama.

"Hii hapa. Imevaa jina la kazi ya kawaida, lakini ndiyo inayoita ile programu. Na iliyoiweka ni akaunti ya..." Akageuka taratibu. "Shangazi, akaunti ya Shamsudin anaitumia nani?"

"Hiyo usiiguse."

"Shangazi..."

"Nimesema usiiguse, Hafidha! Kaiweka mwenyewe, kabla hajaugua."

Kuruthumu akaenda kurudishia mlango wapita njia wasisikie, jambo ambalo Dunda nzima isingeamini.

Hafidha akasogeza kiti, magoti yao yakagusana. "Kompyuta inaandika siku akaunti ilipotengenezwa. Hii ni ya tarehe kumi na sita Februari, saa nne asubuhi. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mjane huihesabu eda yake siku kwa siku. Mwaija hakuhitaji kalenda: ilikuwa siku ya hamsini na moja. Akawasimulia: alikuwa chumbani, kompyuta ameletewa nyumbani amalizie fomu za watu. Ikakwama, na kioo kikatoa tangazo kwamba ina tatizo, apige namba fulani. Mafundi wa mtaani wote wanaume. Angemwingizaje mmoja chumbani, na yumo edani? Akapiga. Akapokea kijana mwenye sauti laini. Pole na msiba, mama. Huna haja ya kunifungulia mlango, nitaitengeneza nikiwa hukuhuku, wewe bonyeza ninapokwambia. Mwaija akamwombea dua kwa kumsitiri, akamaliza fomu, na kompyuta ikarudishwa dukani siku hiyohiyo.

"Yule uliyesema kalelewa?" Kuruthumu alinong'ona. "Uliyetaka tumtafutie mchumba?"

"Huyohuyo."

"Jina la mjomba alilikuta kwenye barua zako humu kwenye kompyuta," alisema Hafidha kwa upole. "Akajua hilo hutalifuta."

Mwaija , bila kutegemea, kicheko kikamtoka, na machozi nyuma yake.

"Nilijua, mwanangu. Shamsudin aliiogopa kompyuta kama nyoka! Hata kuizima aliniita: 'Mke wangu, njoo umlaze mtu wako.' Huyo angejiwekea akaunti? Nilijua. Nilitaka tu asubuhi niwe na wa kumsalimia."

Hafidha akamshika mabega, wakakaa hivyo. Kuruthumu akajifuta macho kwa upande wa khanga.

"Nikufutie, shangazi?"

"Nionyeshe. Nitaifuta mimi."

Wakaiondoa kwanza ile kazi ya siri, kisha programu, mwisho akaunti. Kioo kikauliza kama ana hakika. Mwaija akavuta pumzi, akabonyeza. Walipoiwasha tena palikuwa na jina moja, na programu haikurudi.

"Nikishanakili kazi zako nitaifuta yote niipange upya," alisema Hafidha. "Huyu simwamini. Ila wateja lazima waambiwe."

"Sema fundi kakosea," alishauri Kuruthumu. "Ya edani yaache, shoga, watakucheka."

"Na wacheke. Wakishacheka hawatampigia fundi kama yule." Mwaija akachukua simu, akatafuta jina la mteja wa kwanza. "Halo, dada Biubwa? Shikamoo. Wazima hapo? Haya, kaa kitako nikwambie ujinga wangu, uwaambie na wengine. Unamkumbuka marehemu Shamsudin, alivyokuwa akiiogopa kompyuta?"