Mkojo wa Bosi

Fundi cherehani alipogundua ameshona mkono wa shati ndani nje kwa mara ya pili, aliiacha mashine akamfuata paka. Bosi, paka dume wa mkewe, alikuwa amechuchumaa tena kwenye beseni la mchanga, analia kwa sauti nzito isiyo yake. Alipotoka, mchanga ulikuwa mkavu vilevile.

"Amefunga choo huyo," mama mkwe alisema kutoka jikoni. "Mpe mafuta kijiko."

"Choo alipata asubuhi, mama. Ni mkojo."

Mkewe alikuwa safarini kikazi, na alikuwa ameaga kwa neno moja: "Niangalizie Bosi." Fundi akampapasa paka tumbo, akakuta uvimbe mgumu kama limau. Bosi akamng'ata. Fundi akamtia kwenye kikapu cha nguo, akatoka mbio na kandambili.

"Njia ya mkojo imeziba," alisema daktari wa mifugo. "Ungengoja kesho, ungemzika." Akamchoma sindano ya usingizi, akampitishia mpira mwembamba wa kutolea mkojo, akabaki naye kwa uangalizi. Fundi alirudi na kikapu kitupu, na mpaka paka aliporuhusiwa hakushona kitu cha maana.

Nyumbani vita ikahamia kwenye vidonge vya kulegeza njia. Cha kwanza Bosi alikitema. Cha pili alikitafuna, povu likamjaa mdomoni, fundi akadhani anakata roho. Kilichofichwa ndani ya samaki kilibaki sahanini peke yake.

"Mlete hapa," mama mkwe alisema. Akamviringisha paka kwa taulo, kikabaki kichwa tu. "Mimi nashika, wewe tia. Sogea! Sasa hivi si wakati wa kunionea haya."

Fundi, ambaye tangu aoe hakuwahi kuketi karibu na mkwewe hata magoti yagusane, akasogea. Kidonge nyuma ya ulimi, mdomo ukafumbwa, koo likasuguliwa. Bosi akameza.

Wakakaa kulitazama beseni. Fundi akaketi, akasimama, akaketi.

"Tulia, baba, unanitia kizunguzungu."

Simu ikaita. "Mnafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Tunangoja mkojo!" mama mkwe alidakia.

Hapo ndipo Bosi alipochimba mchanga, akachuchumaa, ikasikika chururu ndefu. Mama mkwe akapiga vigelegele. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaeleza kwenye simu kila alichoambiwa: maji mengi, chakula laini, na kwamba njia inaweza kuziba tena.

Alikuwa bado kwenye simu Bosi aliporudi kwenye beseni. Fundi akanyanyuka.