Kigari cha Bibi Bodil

Viggo alikuwa na wiki sita duniani, na tatu kati ya hizo alizimaliza kwa kilio. Kila siku saa tisa alasiri msokoto wa tumbo ulimshika, akajikunja, akawa mwekundu, akaipasua nyumba mpaka saa moja. Kaka zake wawili waligombania treni ya mbao kwa ishara za mikono, maana hawakuweza kusikiana. Dada yao Asta alifanya hesabu za shule huku kavaa kofia ya baiskeli, eti inapunguza kelele.

Bodil, mama mkwe wa mama yao Sidsel, alikuja kusaidia. Msaada wake ulikuwa wa mdomo zaidi.

"Umekula kabichi tena?"

"Sijaigusa, mama."

"Basi ni wasiwasi wako huo, unapita kwenye maziwa. Troels wangu hakulia hata siku moja!"

Troels, mume wa Sidsel na huyo asiyelia, alijifanya anatafuta soksi.

Maneno hayo yalimuuma Sidsel kuliko kukosa usingizi. Alishaanza kuamini kwamba mwanawe hamtaki.

"Kamlaze nje kwenye kigari chake, kama watoto wote wa huku wanavyolazwa hata kwenye baridi," Bodil aliamuru. "Nitamsukuma mwenyewe, mjifunze."

Sidsel akamlaza kigarini uani, theluji pande zote. Yowe alilolipiga mtoto lilimshinda. Akamnyanyua, akaliacha blanketi kigarini, akapita mlango wa nyuma hadi chumba cha kufulia, akaegemea mashine iliyokuwa ikizungusha nguo. Mtetemo ukawaingia wote wawili. Viggo akajamba kama mtu mzima, akalala.

Bodil, aliyechelewa kupata glavu zake, akatokea mlango wa mbele, akazunguka hadi uani. Kigari kilikuwa kimya, blanketi limetuna. Hakulifunua. Mtoto aliyelala nje hafunuliwi, baridi isije ikamwingia; yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Akashika mpini, akasukuma.

Asta alichungulia dirishani. "Mama, bibi anamsukuma nani?"

Sidsel alipaswa kugonga kioo. Hakugonga.

"Mwache. Anatufundisha."

Baada ya dakika arobaini Bodil aliingia, pua nyekundu, kifua mbele. "Mmesikia kimya hicho? Mtoto anataka mkono uliotulia, basi! Nimiminieni kahawa."

"Bibi," Asta akasema, "Viggo yuko huku."

Sidsel akajitokeza kutoka chumba cha kufulia, mtoto kifuani. "Mtetemo wa mashine ya nguo ndio uliomlaza, mama." Bodil akamtazama, akatoka, akafunua blanketi, akarudi taratibu. Troels akaziba mdomo kwa soksi.

"Cheka tu," mama yake akamwambia. "Wewe ulilia miezi minne. Wewe!" Akamgeukia Sidsel, sauti imeshuka. "Mama mkwe wangu alisema wanawe hawakulia kamwe. Niliona aibu. Nilikuwa nampeleka huyu zizini akawalilie ng'ombe, bibi yake asisikie."

Sidsel alicheka mpaka cheko likageuka kilio. Viggo akaamka, akaungana naye.

Bodil akanyoosha mikono. "Nipe huyo, mwanangu, ukalale. Ila kwanza nionyeshe, hiyo mashine inawashwaje?"